Herufi Nene za Barabara ya Lunga Lunga

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho redio haiwezi kukionyesha, kwa hivyo aliye karibu na kalamu na kipande cha karatasi na avisogeze. Chora mraba. Zilainishe kona zake nne ziwe za mviringo, lakini usizilainishe mpaka mraba ukawa duara. Ndani yake chora mraba mwingine mdogo wa sura ile ile, kisha paka wino nafasi iliyobaki kati ya miwili hiyo. Umepata herufi O. Ufungue ubavu wa kulia, umepata C. Ukifungua upande wa juu badala ya ubavu, umepata U. Zirudishe kona mbili za kushoto za ile O ziwe kali kama mwanzo, na sasa ni D.

Huo ndio ukoo wa herufi tutakaouzungumzia: nene, pana, zilizojengwa juu ya mraba wenye kona laini. Anayeshuka feri ya Likoni akashika barabara ya kusini iendayo Lunga Lunga hazikosi. Ziko kwenye vioo vya matatu za Ukunda na Msambweni, migongoni mwa tuktuk, juu ya milango ya maduka ya simu na ya vifaa vya ujenzi, na kwenye mashua zinazowavusha wageni kutoka Shimoni kwenda Wasini. Lori la Isuzu likikupita pale Tiwi, tazama jina lililo usoni mwake: S na U zimekunjwa kimraba, na mistari ni minene mwanzo hadi mwisho. Ni jamaa wa ukoo huo.

Herufi hizi zina kazi moja zinayoifanya kwa ustadi mkubwa, nayo ni kuita. Mtu yuko mbali, ana haraka, jua linamchoma machoni, na bado jina linamfikia. Zikipewa kazi ya kueleza, yaani kutoa namba, onyo au maelekezo, hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Pwani ya kusini ina mifano ya yote mawili.

Herufi za kuita zina historia yake. Kwa karne kadhaa tangu uchapaji uanze Ulaya, herufi zilikatwa kwa ajili ya vitabu: ndogo, za kusomwa na mtu aliyeketi. Mwanzoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wa London wakaanza kubandika matangazo ukutani, na tangazo la ukutani lilitaka herufi za kusomwa na mpita njia. Wachapaji wakazinenepesha. Mwaka 1816 William Caslon wa Nne akaingiza katika orodha yake ya mauzo herufi zisizo na vijiguu mwishoni mwa mistari, za mwanzo za aina hiyo katika biashara ya uchapaji. Mwaka 1827, huko New York, Darius Wells akabuni mashine ya kuchonga herufi kubwa za mbao kwa wingi, na tangu hapo ukubwa wa tangazo haukuwa tatizo tena.

Mraba wenye kona laini ulikuja baadaye. Mmarekani Morris Fuller Benton alitoa Bank Gothic mwaka 1930, herufi pana zenye mabega ya mraba. Mwaka 1952 kiwanda cha Nebiolo cha Torino, Italia, kikatoa Microgramma, kazi ya Alessandro Butti na Aldo Novarese. Zilikuwa herufi kubwa tupu, hazina ndogo zake. Mwaka 1962 Novarese akaukamilisha ukoo kwa kuutia herufi ndogo na unene wa namna mbalimbali, akauita Eurostile. Miaka hiyo televisheni zilikuwa zikiingia majumbani Ulaya, na kioo cha televisheni ya wakati ule kilikuwa na umbo hilo hilo: mraba uliofura ubavuni na kulainika pembeni. Herufi za Novarese zikaonekana za kisasa kwa sababu zilifanana na kitu cha kisasa kilichokuwa sebuleni. Stanley Kubrick alipotoa filamu yake ya 2001: A Space Odyssey mwaka 1968, kompyuta za chombo cha angani ziliandikwa kwa Eurostile nene na pana. Kutoka hapo ikawa desturi: mchoraji akitaka kitu kionekane cha mashine, cha kasi au cha siku zijazo, huufuata mraba huo.

Umbo lenyewe lina mwanahisabati wake. Katika jiji la Stockholm, mwaka 1959, wapanga mji walikuwa na uwanja wa mstatili, Sergels Torg, na walitaka magari yauzunguke. Duara lingepoteza nafasi ya pembeni. Mstatili ungeyakwamisha magari kwenye kona. Piet Hein wa Denmark, mtu aliyekuwa mshairi na mwanahisabati kwa pamoja, akachagua mlinganyo unaozaa umbo lililo katikati ya hayo mawili, ambalo mstari wake hujipinda polepole bila kuonyesha mahali unapoanzia kujipinda. Leo umbo la namna hiyo liko mfukoni mwa kila mtu. Apple walipobadilisha sura ya simu zao mwaka 2013 walizipa aikoni kona za namna hiyo, na simu za makampuni mengine nazo zimejaa miraba iliyolainika. Anayetuma pesa kwa simu pale Ukunda anaibonyeza kutwa.

Hata hivyo, si Kubrick wala Piet Hein aliyezifanya herufi hizi zipendwe katika kaunti ya Kwale. Kazi hiyo imefanywa na brashi, plota na hewa ya chumvi.

Tuanze na brashi. Mchora mabango anayeandika kwa mkono juu ya bati hupiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, mmoja wa juu na mmoja wa chini, kisha huugawa urefu wa herufi visehemu vitano. Tano hiyo ina maana yake. E ina vidole vitatu na mapengo mawili. S na B vivyo hivyo. Ni rangi, pengo, rangi, pengo, rangi. Kwa herufi ya sentimita 10, kila kidole ni sentimita 2 na kila pengo sentimita 2. Mteja akisema anataka nene zaidi, mchoraji hawezi kuvinenepesha vidole, maana mapengo yataziba na E itageuka kuwa kibao. Unene wote anauhamishia kwenye nguzo za wima, ambazo zaweza kufika sentimita 3 au 4 bila kudhuru kitu. Kwa hivyo herufi nene ikishafika kikomo cha kwenda juu, hunenepa kwa ubavu, na ndiyo maana ukoo huu mzima ni wa herufi zilizotanuka.

O ya duara inataka mkono uliotulia. Ikigusa ile mistari ya chaki sawasawa na E, itaonekana ndogo kuliko E, kwa sababu duara hugusa mstari kwa nukta moja tu. Lazima ichungulie nje kidogo, juu na chini, ndipo jicho lione zinalingana. O ya mraba haina udhia huo. Mgongo wake bapa hulala juu ya mstari ukatulia, na mwanafunzi anaweza kuipatia mapema. Kona ndizo zinazomfichua. Wengi huzichora kwa kuzungusha penseli kwenye sarafu, na sarafu huacha alama pale mstari ulionyooka unapokutana na tao, kana kwamba mfupa wa herufi ulivunjika ukaungwa. Mkongwe wa kazi huanza kuupinda mstari kabla hajafika kwenye kona. Anafanya kwa kiganja kile ambacho Piet Hein alikifanya kwa hesabu.

Plota nayo ina sababu zake. Siku hizi sehemu kubwa ya maandishi ya matatu na tuktuk ni stika: karatasi ya plastiki yenye gundi, inakatwa na mashine hiyo, ziada inang'olewa, herufi zinabandikwa. Kona kali ya stika ndiyo ya kwanza kunyanyuka. Vumbi la barabara hupenya chini ya ile ncha, maji ya kuoshea gari hufuata, na baada ya muda herufi inapepea. Kona ya mviringo haina ncha ya kushikwa. Kwenye kung'oa ziada pia, mstari mwembamba hukatika au kufuatana na taka, lakini mnene hubaki mahali pake. Fundi anayelipwa kwa gari, si kwa saa, atapendelea herufi isiyomrudisha nyuma.

Halafu kuna hewa ya bahari. Bango lililo karibu na ufuo wa Diani au Msambweni hupigwa na jua la kaskazi, likaja kuchapwa na mvua ya masika na upepo wa kusi, na chumvi inafanya kazi mwaka mzima. Rangi nyekundu hupauka, bati hushika kutu kuanzia kwenye tundu la msumari. Herufi nyembamba ikibanduka kidogo tu, neno limeondoka. Herufi nene hubanduka kidogo hapa na pale na bado jina linasomeka, kwa hivyo mwenye duka huweza kuahirisha gharama ya bango jipya.

Sasa tuyapime majina ya mahali, maana hapo ndipo Kiswahili na mraba wa Torino vinapogombana. Fonti za ukoo huu hung'aa kwenye herufi zenye tumbo: O, D, C, G, B, S na U. Kiswahili kina mazoea mengine. A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote, na K, W, M, Y na Z nazo hazikosekani. Hizo ni herufi za mishazari na ncha, ambazo mraba haujui pa kuziketisha.

Litazame jina KWALE. Herufi tano, hakuna hata moja yenye tumbo. TIWI pia haina. Ukiyaandika majina hayo kwa fonti ya mraba yenye kona laini, kona zenyewe hazina pa kuonekana, na mwenye bango atashangaa mbona halifanani na lile aliloonyeshwa kwenye simu. UKUNDA limejaliwa: lina U mbili na D moja. LUNGA LUNGA lina U na G mara mbili mbili. Lakini lililobarikiwa kuliko yote ni GOMBATO, lenye G, O, B na O nyingine. Mtu wa Gombato akichagua fonti hii hajakosea.

Wabunifu wa herufi wana dawa ya hali hiyo. A huchorwa kama U iliyopinduliwa ikatiwa mwamba katikati. W huwa U mbili zilizobanana, na M ni W hiyo hiyo iliyosimama kichwa chini. Kwa dawa hiyo KWALE linapata mabega na kona, na linatulia kama majina mengine. Lakini dawa ina bei yake. A ya namna hiyo inasogelea R, hasa kwa anayeitazama kwa mbali. M na W zina nguzo tatu na mapengo mawili kila moja, kwa hivyo zinataka nafasi pana, na mwandishi aliyeishiwa nafasi huzibana hizo kwanza. MSAMBWENI lina M mbili na W moja katika herufi tisa. Libandike kwenye kibao kilekile kilichotosha TIWI, na mapengo yatafungika mpaka herufi tatu kati ya tisa ziwe vipande vya rangi visivyo na sura.

DIANI nalo lina mtego mdogo. Katika ukoo huu, tofauti ya D na O ni zile kona mbili za kushoto tu. Stika ikichakaa upande huo, bango linasema OIANI. Hakuna atakayepotea njia kwa sababu hiyo. Msomaji atasoma Diani, atapita, wala hatagundua kosa, kwa kuwa jina analolijua hasomi herufi moja moja. Analitambua kwa umbo lake zima. Herufi nene zinaishi kwa mkopo huo. Zinategemea kwamba neno tayari limo kichwani mwa anayelitazama.

Nafasi iliyopo nayo huamua sura. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilitangaza kanuni mpya za magari ya abiria, na utekelezaji ukaanza Februari 2004 chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki. Pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kila matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa manjano usiokatika, wenye upana wa milimita 150, na njia inayopita gari iandikwe humo. Basi huo ni ukanda mwembamba kwenda juu na mrefu kwenda mbele. Herufi ndefu nyembamba haiwezi kukaa humo ikaonekana. Herufi iliyotanuka inaweza: urefu wake ni sentimita 10, lakini upana wake unaijaza nafasi ambayo ingebaki bure. Kanuni ya usalama barabarani ikawa, bila kukusudia, rafiki wa herufi za mraba.

Hata hivyo sentimita 10 ni sentimita 10. Mafundi wa mabango wana kipimo chao cha zamani kwamba kila milimita 25 za urefu wa herufi husomeka bila taabu kwa mita 3. Kwa hesabu hiyo, njia iliyoandikwa kwenye mstari wa manjano inasomeka vizuri kwa mita 12. Umati ukitoka kwenye feri Likoni, aliye umbali wa mita 30 hawezi kuyasoma maandishi ya mstari huo bila taabu. Anachosikia ni makanga akipaza sauti: "Ukunda! Ukunda! Msambweni!" Kwenye kituo cha magari, koo bado linaishinda stika.

Kwamba kifaa na nafasi huamua sura ya herufi, pwani inalijua tangu zamani. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kufi ni mwandiko wa mistari iliyonyooka na pembe, na mchongaji wa Kizimkazi aliutilia mapambo ya majani mwishoni mwa mistari. Ni herufi za heshima, zilizokusudiwa kuonekana na anayeingia msikitini kabla hazijasomwa neno kwa neno.

Mfano wa karibu zaidi umefungwa viunoni na mabegani. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina hukaa katika ukanda wake mwembamba chini ya mji, nafasi isiyotofautiana sana na ule mstari wa manjano. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye zikashika za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo leso zake watu wamezijua kama mali ya Abdulla, lilianza biashara mwaka 1887, na leso zake zimevuka kivuko cha Likoni vizazi na vizazi. Herufi za leso kwa kawaida ni kubwa, nene, hazina mapambo. Sababu ni za kiwandani: rangi husambaa kidogo kwenye pamba, na mstari mwembamba ungemezwa. Lakini jina la leso ni sentensi, mara nyingi yenye fumbo, na mlengwa anatakiwa alisome lote huku mvaaji akipita. Kwa hivyo wachoraji wa leso huacha hewa. Mapengo ni mapana, na neno na neno halibanani. Unene wa herufi umepimwa kwa kazi ya kusomwa, si ya kuita peke yake, na mwenye bango la barabarani anaweza kujifunza mengi kwa kuitandika leso mezani.

Tatizo la bango la siku hizi huanzia kwenye kompyuta. Fonti nene iliyo rahisi kupatikana katika saiba yoyote ni Impact, iliyobuniwa na Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965 na kusambazwa bure na Microsoft tangu miaka ya 1990. Ni ndefu na imebanwa, kinyume cha Eurostile, lakini nayo matumbo yake yamesawazishwa yakawa karibu ya mraba, na mapengo yake ni nyufa. Eurostile yenyewe hununuliwa. Anayetaka jamaa zake wa bure ana Michroma ya Vernon Adams, iliyofuata nyayo za Microgramma. Ana pia Bungee ya David Jonathan Ross, iliyobuniwa mahsusi kwa mabango, ikiwemo yale yanayoandikwa kwenda chini kwenye nguzo. Hapo herufi ya mraba inafaa kweli, kwa sababu kila moja inakaa katika kisanduku chake na safu haiyumbi. Jina KWALE, lililoonewa likiandikwa kwa mlalo, husimama vizuri likipangwa juu ya nguzo, K juu na E chini.

Tufike kwenye namba. M-Pesa ilianza Machi 2007, na Lipa na M-Pesa, ile ya kulipia dukani, ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo kila kibanda, kila tuktuk na kila muuza madafu ana namba ya kutangaza. Mwenye kibanda akishaandikiwa jina kwa herufi nene za mraba, ni kawaida namba nayo iandikwe kwa fonti hiyo hiyo, ili bango lipendeze. Chora tena kwenye karatasi yako: 0, 6, 8 na 9 zote ni ule mraba wa mwanzo. Kinachozitenganisha ni mwanya mdogo ubavuni au mwamba mmoja katikati. 3 na 8 zinatenganishwa na mianya miwili ya kushoto. 5 na S ni pacha. Jina lililochakaa linaokolewa na kumbukumbu ya msomaji, lakini namba haina kumbukumbu. Hakuna anayeijua kabla ya kuisoma, na tarakimu ikisomwa vibaya haina neno la jirani la kuisahihisha.

Wajerumani walilishughulikia jambo hili kwa njia ya kinyume kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Karlgeorg Hoefer alianza kubuni herufi za namba za magari ambazo lengo lake lilikuwa kila moja isifanane na mwenzake, ili mhalifu asiweze kuigeuza 3 kuwa 8 au P kuwa R kwa rangi kidogo. Zina mikato ya ajabu, na hakuna aliyezisifu kwa uzuri, lakini tangu mwaka 2000 gari jipya likisajiliwa Ujerumani hupewa hizo.

Onyo ni vivyo hivyo. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 ilitaka onyo la afya lichukue si chini ya asilimia 30 ya uso wa pakiti na asilimia 50 ya mgongo, kwa Kiingereza na Kiswahili. Watunga sheria waligawa nafasi kwa sababu walijua maneno ya kueleza yanahitaji nafasi, wala hayatoshelezwi na unene peke yake. Mashua ya watalii inayoandika jina lake kwa herufi za kujigamba imefanya sawa. Idadi ya abiria ambao inaruhusiwa kuwabeba inafaa iandikwe kwa herufi nyingine, zenye matumbo wazi, hata kama ni ndogo zaidi.

Nani wa kuamua haya? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka udhibiti wa matangazo ya nje mikononi mwa kaunti, kwenye kifungu kimoja na uchafuzi wa hewa na kelele. Kwa hivyo tangu mwaka 2013 bango la Ukunda ni shauri la Kaunti ya Kwale. Mjadala wa matangazo ya nje hapa nchini huhusu zaidi ukubwa wa bango, mahali lilipo na ada yake, na ni haki. Usomekaji ungeweza kuingizwa humo bila gharama. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akipewa sekunde tatu za kusoma, bango linatakiwa lisomeke kutoka mita 42, na kwa kipimo kile cha mafundi herufi zake ziwe na urefu wa sentimita 35 hivi. Bango la mshale wa hospitali ya Msambweni au la shule lenye herufi za sentimita 12 halimsaidii dereva, ziwe nene ziwe nyembamba.

Mwenye kibanda hana haja ya kungoja kaunti. Jina la duka aliache kwa herufi zake nene za mraba, na kama duka liko Gombato na azinenepeshe zaidi. Namba ya malipo aiandike kwa fonti ya kawaida yenye 6 na 9 zilizofunguka vizuri, aigawe makundi ya tarakimu tatu tatu au mbili mbili, na kuzunguka namba hiyo aache nafasi tupu isiyopungua urefu wa tarakimu moja. Kabla ya kumlipa fundi, avuke barabara, alipige picha bango kwa simu, kisha aipunguze picha mpaka itoshe kwenye ukucha wa kidole gumba. Jina litasomeka. Kama namba haisomeki, fundi bado yuko hapo na rangi haijakauka.